Kamba ya mkata ngazi: kutoka Leverville mpaka kando ya Tanganyika

Jamaa mnaoishi mbali na mashamba yenu kwa sababu ya vita, leo tunaongea juu ya kamba. Si kamba ya kufungia mbuzi wala ya mzigo wa baiskeli. Ni ile inayozunguka kiuno cha mtu na shina la mchikichi, na kumshika kule juu, mita 15 au 20 kutoka chini, wakati anakata mkungu wa ngazi.

Kutoka Uvira mpaka Baraka na Fizi, mawese ni chakula, na ni pesa ya masomo ya watoto. Wengi waliokimbia wametoka milimani, mahali ambapo mchikichi hauzai vizuri kwa sababu ya baridi. Wakifika kando ya ziwa, kazi moja ambayo mtu anaweza kuipata haraka ni kibarua cha kukata ngazi katika shamba la mwingine. Mtoto wa huku anazoea kupanda tangu udogo. Mgeni anajifunza akiwa mtu mzima, na njaa ya nyumbani ndiyo inamsukuma.

Basi kuna maswali matatu. Kamba gani inafaa? Nani anapaswa kuileta? Na ikikatika, nani anabeba hasara? Maswali hayo si mapya. Yamezunguka katika inchi yetu kwa miaka zaidi ya 100, na historia yake inatusaidia kuona mambo ya leo.

Kamba ya wazee

Mkanda wa kupanda mchikichi haukuletwa na wazungu. Watu wa misitu ya Kongo waliusuka kabla ya mkoloni kufika, kwa nyuzi za mchikichi wenyewe, kwa raffia, au kwa ule mtambazi wa msituni ambao watu wa mto Kongo wanauita kekele. Ni chombo chenye akili. Mtu anazungusha mkanda kwenye shina na mgongo wake, anaufunga, kisha anaegemea nyuma. Uzito wa mwili wake unavuta mkanda, mkanda unauma shina, na nyayo zake zinasukuma shina upande huu. Hakuna chuma hata kimoja. Akitaka kupanda, anajivuta kidogo karibu na mti, mkanda unalegea, anaurusha juu, anaegemea tena, na miguu inafuata. Anarudia hivyo mpaka kichwani mwa mti.

Uzuri wake tunaujua: haugharimu kitu, unatengenezwa kijijini, unafaa shina nyembamba na shina nene, na mikono yote miwili inabaki huru kwa panga au shoka. Lakini udhaifu wake pia tunaujua. Mtu anategemea kitu kimoja tu. Panga likiteleza na kugusa mkanda, hakuna kamba ya pili. Nyuzi za mti zinaoza kwa mvua, zinaliwa na wadudu, na mara nyingi zinaoza ndani wakati nje bado zinaonekana nzuri. Nyuki wakitoka kwenye kichwa cha mti, mtu hawezi kushuka haraka, maana kushuka ni hatua kwa hatua kama kupanda. Na akizimia huko juu, walio chini hawana njia ya kumshusha.

Mtu akianguka kutoka mita 15 bila kitu cha kumzuia, anafika chini kwa muda usiofika sekunde mbili, akiwa na mwendo wa kilometa 60 hivi kwa saa. Ni sawa na kugongwa na gari barabarani. Kwa hiyo tusiseme juu ya kamba kama tunasema juu ya mchezo.

Mwaka wa 1911: mti wa kijiji unakuwa mali ya sabuni

Zamani mtu alipanda kwa mahitaji ya nyumba yake na soko la karibu. Alichagua siku, alichagua mti, na mvua ikinyesha alibaki nyumbani. Hali hiyo ilibadilika tarehe 14 Aprili 1911. Siku hiyo serikali ya Ubelgiji iliandikiana mkataba na kompani ya Lever Brothers ya Uingereza, ya bwana William Lever, mwenye sabuni ya Sunlight. Kompani mpya ikaundwa, ikaitwa Huileries du Congo Belge, kwa kifupi HCB. Ilipewa maduara matano, kila duara la kilometa 60 kutoka katikati mpaka ukingo. Maduara hayo yalikuwa upande wa Bumba, Barumbu, Ingende, Basongo na Lusanga. Ndani yake kompani iliweza kuchagua ardhi mpaka hektari 750.000. Lusanga, mahali mto Kwenge unapoingia mto Kwilu, ilibatizwa jina Leverville.

Tuelewe vizuri kile kompani ilikuja kuchukua. Mwanzoni haikupanda mashamba yake. Ilikuta michikichi iliyoota yenyewe na ile iliyotunzwa na vijiji kwa vizazi vingi. Ilileta mashine za kukamua, meli, reli ndogo na mapipa. Lakini hakuna mashine ya Ulaya iliyoweza kupanda juu ya mti. Kiwanda kizima, pamoja na faida yake yote, kilikuwa kinategemea mtu mmoja mwenye mkanda wa nyuzi kiunoni. Mafundi wa Ulaya walijua kufua chuma na kuchemsha mafuta, lakini kwa kupanda walihitaji ujuzi wa kijiji.

Kwa hiyo mkata ngazi alikuwa na nguvu kubwa, na hiyo ndiyo sababu walitafuta njia ya kumlazimisha. Mkataba wa 1911 uliandika mshahara wa chini wa santimu 25 kwa siku. Lakini watu hawakujitoa wengi kama kompani ilivyotaka. Kazi ilikuwa ya hatari, mbali na nyumba, na malipo madogo. Ndipo zikaja kodi ya kichwa ambayo lazima ilipwe kwa pesa, machifu waliosukumwa kutoa vijana, na vitisho vya jela. Mtu aliyekuwa anapanda miti michache kwa ajili ya nyumba yake, sasa alipaswa kupanda kila siku ili afikishe hesabu. Wanawake na watoto walibeba ngazi vichwani mpaka kituo cha kununulia.

Hapo tunaona jambo ambalo mtu anayelinganisha vyombo tu hataliona. Mkanda ulikuwa ule ule wa wazee. Hatari iliongezeka kwa sababu ya hesabu. Mtu anayepanda miti miwili kwa juma anapata muda wa kukagua mkanda wake, kuuanika, na kusuka mwingine. Mtu anayesukumwa kupanda kutwa nzima, hata asubuhi shina likiwa limelowa, anatumia mkanda uliochoka na mwili uliochoka.

Mwaka wa 1931: Wapende wanakataa

Shida ya uchumi wa dunia iliyoanza mwaka wa 1929 iliangusha bei ya mawese. Kompani zilizokuwa zinanunua ngazi upande wa Kwango na Kwilu zilipunguza bei kwa mkataji. Lakini kodi haikupungua kwa kipimo hicho. Maana yake ni nyepesi: kwa kodi ile ile, mtu alipaswa kupanda miti mingi zaidi. Walioshindwa walifungwa, wakachapwa fimbo, na vijiji vikaishi kwa hofu.

Katikati ya mwaka wa 1931, Wapende waliinuka. Watu walikataa kodi na kazi ya kompani, wakimfuata Matemo a Kelenge, aliyejulikana pia kama Mundele Funji. Tarehe 8 Juni mwaka huo, mtumishi wa serikali aliyeitwa Maximilien Balot aliuawa. Jibu la mkoloni lilikuwa Force publique na bunduki. Wapende zaidi ya 500 waliuawa kabla ya mwezi wa tisa kwisha.

Mara nyingi hadithi hii inaelezwa kama mambo ya kodi na siasa tu. Lakini mzizi wake unafika mpaka kwenye mti. Watu wale waliona kwamba bei ya kupanda kwao imeshushwa na mtu ambaye hajawahi kupanda hata mara moja.

Fundo la mpanda milima, na chuma chenye meno

Mwaka ule ule wa 1931, mbali na Kwilu, mpanda milima wa Austria aliyeitwa Karl Prusik alitangaza fundo ambalo leo lina jina lake. Unachukua kitanzi cha kamba nyembamba, unakizungusha mara mbili au tatu juu ya kamba nene. Bila uzito, fundo linasukumwa kwa mkono juu au chini. Ukiweka uzito, linabana na halisogei. Kwa vitanzi viwili mtu anaweza kupanda kamba iliyoning'inia, akisimama kwenye kimoja wakati anasukuma kingine.

Kutoka fundo hilo na ndugu zake, wakataji wa miti wa Ulaya na Marekani walijenga kazi yao yote. Kamba inapita juu ya tawi lenye nguvu, mtu anavaa mkanda wa kiuno na mapaja, na fundo ndilo linamshika. Akitaka kushuka, analivuta kidogo na linaachia polepole. Fundo ni rahisi kununua na rahisi kukagua kwa macho. Shida yake ni joto: mtu akishuka haraka, msuguano unaunguza nyuzi. Tena fundo lililofungwa vibaya linaweza kuteleza bila kuonya.

Mwaka wa 1958 Waswisi wawili, Adolf Jüsi na Walter Marti, walileta chombo cha chuma kiitwacho Jumar, jina lililotoka katika mwanzo wa majina yao mawili. Ndani yake kuna kipande chenye meno kinachoruhusu kamba kupita upande mmoja tu. Unakisukuma juu, kinauma, hakirudi. Ni chepesi kwa mkono kuliko fundo, na mtu anapanda haraka bila kuchoka. Lakini kina masharti. Hakishuki ukiwa umekiwekea uzito, kwa hiyo kinataka chombo kingine cha kushukia. Meno yake yanaweza kuchana ngozi ya kamba mtu akiangukia kwa ghafla. Na kinataka kamba ya kiwandani yenye unene sawa mwanzo hadi mwisho. Ukikiweka kwenye kamba ya kusuka nyumbani, umejitafutia kifo.

Baadaye vikaja vyombo vya chuma vinavyofanya kazi ya fundo, yaani vinabana na kuachia, kupanda na kushuka, bila kuunguza kamba. Ni vizuri, lakini bei yake inaweza kupita kipato cha kibarua cha miezi mingi.

Sasa msikilizaji atauliza: kwa nini tusilete hivyo vyote hapa? Jibu liko kwenye mti wenyewe. Vyombo hivyo vilitengenezwa kwa mti wenye matawi. Lazima kuwe na tawi la kubeba kamba. Mchikichi hauna tawi. Una makuti, na kuti si kitu cha kumtegemezea mtu. Kwa hiyo fundo la Prusik na Jumar vinafaa kwa mwembe, kwa mwavokado, kwa mkaratusi unaotaka kukatwa karibu na nyumba. Kwa mchikichi, mtu lazima apande kwa shina.

Wengine wamejaribu vyuma vya miguuni, vile vya mafundi wa nguzo za umeme, vyenye ncha zinazochoma mti. Mtu anapanda haraka, lakini mti unaumia. Mchikichi hauna ganda la kufunga kidonda kama mwembe. Tundu linabaki tundu maisha yake yote. Tena jeraha linavuta yule mdudu mwenye pua ndefu, mama wa mpose. Mpose ni kitoweo kitamu, lakini shamba likijaa mpose, mwenye shamba anaomboleza.

Yangambi: kufupisha mti badala ya kurefusha kamba

Wakubwa wa kompani na serikali walipoona ugumu wa kupata wapandaji, hawakutafuta kamba bora. Walitafuta mti mwingine. Kule Yangambi, karibu na Kisangani, kituo cha utafiti cha INEAC kilianzishwa mwaka wa 1933. Mwaka wa 1941, Beirnaert na Vanderweyen walieleza kwamba mchikichi wenye kokwa nene ukizalishwa na ule usio na ganda la kokwa, mtoto wake anakuwa na ganda jembamba na nyama nyingi ya mafuta. Aina hiyo inaitwa tenera, na leo imejaa mashamba ya Malaysia na Indonesia. Inchi hizo zilipata michikichi yao kutoka Afrika: mine ya kwanza ilipandwa Bogor, kisiwa cha Java, mwaka wa 1848.

Shamba lililopandwa kwa mistari linavunwa miaka mingi bila mtu kuacha ardhi. Mti ukiwa mfupi, mkungu unakatwa kwa chuma bapa chenye mpini. Ukirefuka, wanatumia mundu uliofungwa juu ya mti mrefu, wa mwanzi au wa alumini. Ukifika miaka 25 au 30, wanauangusha na kupanda mwingine. Hiyo ndiyo siri ya Asia: mvunaji hapandi mti, na mti hauachwi kuzeeka.

Kongo iligundua siri hiyo, lakini matunda yake yalikwenda mbali. Mwaka wa 1973 Mobutu alitangaza kwamba mali ya wageni inapewa wazaïrois, na mashamba mengi yaliangukia mikono ya watu ambao hawakupanda mti mpya. Kisha vita vikaja, barabara zikafa. Miti iliyopaswa kukatwa na kupandwa upya iliachwa iendelee kwenda juu. Mundu haukufika tena. Mkanda wa wazee ukarudi kazini.

Mfano wa Kerala

Kuna inchi nyingine iliyokutana na shida kama yetu. Katika jimbo la Kerala, kusini mwa India, watu wanaishi kwa minazi, na wapandaji walipungua sana. Mkulima mmoja wa huko, M. J. Joseph wa Chemperi, alitengeneza chombo cha fremu mbili za chuma, moja kwa kila mguu. Kila fremu ina kitanzi cha waya kinachozunguka shina. Uzito wa mguu unabana kitanzi. Mguu mwingine ukiinuka, kitanzi chake kinalegea na kusogea juu. Ni akili ile ile ya mkanda wa wazee wetu, lakini imegawanywa mara mbili, na mtu anapanda kama anayepanda ngazi ya nyumba. Mwaka wa 2011 bodi ya nazi ya India ilianza kufundisha vijana kutumia mashine za namna hiyo, na wanawake wengi walijiunga.

Kwa mchikichi kuna ugumu. Shina la mnazi ni laini, la mchikichi linabaki na mashina ya makuti yaliyokatwa, yenye miiba na yanayovunjika. Chombo cha Kerala kinafaa mti mrefu uliokwisha kujisafisha, si ule wenye magamba. Lakini fundi wa kuchomelea chuma wa Uvira au wa Bukavu hawezi kushindwa kutengeneza kitu cha aina hiyo akionyeshwa mfano.

Tukiviweka pamoja

Mkanda wa nyuzi ni wa bei ndogo na unafaa mchikichi, lakini hausamehe kosa. Fundo linafaa mti wenye matawi, linataka mafunzo. Jumar na vyuma vingine vinapunguza uchovu, vinataka kamba ya kiwandani na pesa nyingi. Vyuma vya miguuni vinaumiza mti. Mashine ya Kerala ni nzito, lakini mgeni anaijifunza haraka. Mundu mrefu ni salama kuliko vyote, mradi mti ni mfupi.

Kwa yule anayepanda kesho asubuhi, kuna mambo manne yasiyohitaji pesa nyingi. La kwanza, abebe mkanda wa pili, hata wa kamba ya nailoni ya unene wa kidole gumba, aufunge kwenye shina wakati anakata. Hivyo panga likikosea, kuna kitu kingine kinachomshika. La pili, akague mkanda wake kabla ya kila mti, aukunje sehemu kwa sehemu na kusikiliza kama nyuzi zinalia ndani, na asiuache usiku kwenye matope. La tatu, asipande shina likiwa limelowa. La nne, asipande peke yake porini, awe na mtu wa kupiga kelele na kuita msaada.

Na kwa mwenye shamba tunasema hivi: mkungu mmoja una kilo 10, 20 au zaidi, na wote unaenda kwenye pipa lako. Kibarua anapewa sehemu ndogo. Kama kamba nayo ni yake, na mguu ukivunjika hospitali ni yake, basi tofauti kati yako na Leverville iko wapi? Mkimbizi hana shamba la kukuwekea rehani wala ndugu wa karibu wa kumtetea. Hawezi kukataa kwa sauti. Kwa hiyo makubaliano yafanywe kabla ya kupanda, mbele ya mkubwa wa kijiji au wa kambi: nani analeta kamba, mikungu mingapi kwa siku, na ajali ikitokea nani anatoa nini.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Wamiliki na wanunuzi wa ngazi wamengoja chini kwa zaidi ya miaka 100, vitunga mkononi. Yule aliye juu anastahili kushuka akiwa mzima.